Kabla Baridi Haijaingia Mlangoni: Somo kwa Jamii za Milimani na Mpakani

Somo hili linahusu baridi kali, mvua ya mawe na theluji katika nchi ya milima inayokutanisha Uganda, Rwanda na Kongo. Tumeliandaa lisomwe kwa sauti na kujadiliwa katika mikutano ya vijiji, vituo vya boda boda, masoko ya mpakani na nyumba za wageni. Wakati wake ni sasa, kabla ya Juni na Julai, miezi ambayo usiku wa Kigezi hupoa kuliko miezi mingine, na kabla ya misimu ya mvua ambayo hutuletea dhoruba kutoka vileleni.

Yamkini msomaji atauliza: polisi wana nini na hali ya hewa? Mvua haikamatwi, na baridi haishtakiwi. Jibu letu ni hili. Mlango usiofunguliwa asubuhi, mpaka majirani wakauvunja, taarifa yake huletwa kwetu. Mchuuzi aliyeondoka jioni kukata njia ya msituni na hakufika, jamaa zake huja kwetu. Dereva asiyeamka ndani ya lori lake penye foleni ya mpakani, wenzake hutuita sisi. Tunapofika, aghalabu kilichobaki ni kuandika maelezo. Ndiyo maana tunataka kusema nanyi mapema, mchana, kabla ya kuitwa.

Neno letu kuu ni fupi. Katika nchi yetu baridi haiui kwa ukali wake peke yake. Huua kwa msaada wa vitu vitatu: maji yaliyolowesha nguo njiani, mkaa uliofungiwa chumbani, na upweke wa mtu ambaye hakuna anayemjulia hali. Vitu hivi vitatu binadamu anaweza kuvishughulikia jua likiwa bado juu.

1. Theluji iko karibu kuliko tunavyodhani

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba theluji ni jambo la Ulaya. Lakini milima ya Rwenzori, iliyo kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, ina barafu ya kudumu kileleni, ijapokuwa barafu hiyo imepungua sana tangu karne iliyopita. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Katika safu ya Virunga, Karisimbi una mita 4,507 na Muhabura mita 4,127. Karisimbi huonekana mweupe mara kwa mara baada ya dhoruba, na wakazi wa chini yake hawaoni ajabu.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Kila mtu anapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 au 7. Mji wa Kisoro uko kwenye mita zipatazo 1,900. Kutoka hapo hadi kilele cha Muhabura ni mita 2,200 na zaidi, yaani tofauti ya nyuzi zipatazo 14. Usiku ambao Kisoro ina nyuzi 11, na huo si usiku wa ajabu kwetu, kule juu ni chini ya sifuri. Mtu anayepanda mlima jioni akiwa amevaa shati la sokoni anatoka katika nchi moja na kuingia katika nchi nyingine, hata kabla ya kufika kwenye mpaka wowote wa serikali.

Historia imetuachia funzo zito. Mwaka 1908 Egon Kirschstein, mwanajiolojia wa msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwa akiuchunguza mlima Karisimbi pamoja na wapagazi wake. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta huko juu, na wapagazi 20 wakafa. Mahali hapo pako nyuzi moja na nusu tu kusini mwa mstari wa Ikweta. Hawakuuawa na mnyama, wala vita, wala njaa. Waliuawa na maji baridi, upepo, na kukosa makazi kwa saa chache. Watu hao walikuwa wabeba mizigo, na hata leo wanaopita katika miinuko hiyo wakiwa na mzigo mgongoni na nguo nyepesi ni watu wa namna ileile.

Chini ya vilele, katika vijiji na mashamba yetu, theluji halisi haituangukii. Kinachotufikia ni mvua ya mawe, na wakati mwingine huwa nyingi hata ikalaghai macho. Mwezi Septemba 2008, wakazi wa Busara karibu na Nyahururu nchini Kenya walikuta mteremko umefunikwa weupe mtupu, wakadhani theluji imeanguka. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana. Kwa mtu asiye na paa, jina halina tofauti. Barafu iliyolala ardhini hupoza hewa ya bonde zima, hulowesha matandiko, huangusha vibanda dhaifu na huacha njia ikiwa telezi usiku kucha.

2. Njiani: adui ni nguo iliyolowa

Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa kavu, takribani mara 25. Kwa hiyo mtu aliyelowa katika nyuzi 10, upepo ukimpiga, yumo hatarini kuliko mtu mkavu aliyesimama mahali penye baridi zaidi. Waendesha boda boda wanalijua jambo hili kwa vidole vyao: safari ya mvua ya nusu saa, na mkono haushiki tena breki vizuri.

Mwili wa binadamu mzima huwa na joto la nyuzi 37 hivi. Ukishuka chini ya nyuzi 35, umeanza kushindwa. Dalili huja kwa mpangilio ambao kila mmoja wetu anapaswa kuujua. Kwanza mtu hutetemeka sana. Kisha ulimi huwa mzito, hujikwaa, huangusha vitu, hujibu maswali isivyo. Baadaye hunyamaza na kutaka kuketi au kulala. Hatimaye kutetemeka hukoma. Hapo wenzake wengi hufarijika wakisema amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha moto. Wengine katika hali hiyo huanza kuvua nguo, wakihisi wanaungua. Tusimchukulie mtu wa namna hiyo kuwa mlevi au mwenye wazimu. Anakufa kwa baridi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fanya haya:

1. Mwondoe kwenye upepo na mvua. Nyuma ya mwamba, chini ya turubai, ndani ya kibanda, popote palipo karibu.
2. Mvue nguo zilizolowa, mvishe kavu. Mfunike kichwa na shingo. Weka kitu chini yake, majani makavu au gunia, kwa maana ardhi hunyonya joto.
3. Mpashe moto kifuani na tumboni kwanza. Joto la mwili wa mwenzake chini ya blanketi moja hufaa. Usimsugue mikono na miguu, wala usimweke karibu mno na moto.
4. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe uji wa moto wa mtama au chai yenye sukari. Usimpe waragi wala pombe yoyote. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto kwa kitambo kifupi huku joto la ndani likitoroka.
5. Mbebe kwa upole na kumpeleka kwenye kituo cha afya. Hata akionekana hapumui, msimkatie tamaa. Mtu aliyepoa sana amewahi kurejea uhai mikononi mwa waganga.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba hii yote. Msafiri wa milimani abebe koti la mvua, sweta na soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, na chakula cha kutafuna. Amwambie mtu mmoja njia anayopita na saa anayotarajia kufika. Akiona wingu zito limefunika kilele baada ya adhuhuri, arudi. Aliyerudi kwa ajili ya mvua hajashindwa, maana kesho atapita.

3. Chumbani: adui ni jiko tuliloliita rafiki

Hapa ndipo tunapoomba usikivu wote wa msomaji. Baridi ya njiani watu huiogopa, ile ya nyumbani huijibu kwa jiko la mkaa. Sigiri, au mbabula kama wanavyoiita ndugu zetu wa ng'ambo, huingizwa ndani, mlango hufungwa, nyufa huzibwa kwa matambara, na familia hulala.

Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haikwaruzi koo kama moshi wa kuni. Mtu akiivuta, hushikamana na damu yake kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kinachohitajika na moyo na ubongo. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hasikii lolote.

Kuna dhana nne zinazotupotosha, na tumezisikia katika pande zote za mpaka.

Ya kwanza ni kwamba mkaa uliokwisha kushika uwekundu hauna madhara, kwa kuwa hautoi moshi. Si kweli. Moshi unaoonekana na sumu isiyoonekana ni vitu viwili tofauti. Hata makaa yaliyofunikwa na jivu huendelea kuitoa.

Ya pili ni kwamba dirisha lililoachwa wazi kidogo linatosha. Haliaminiki. Upepo ukigeuka au pazia likiziba, hewa haiingii.

Ya tatu ni kwamba sufuria ya maji ikiwekwa juu ya jiko hunyonya sumu. Hainyonyi chochote cha maana. Sumu hii haiyeyuki katika maji kiasi cha kumwokoa mtu.

Ya nne ni kwamba kifo cha watu wengi katika chumba kimoja kwa usiku mmoja lazima kiwe kimetokana na uchawi au chakula cha adui. Dhana hii huongeza msiba juu ya msiba. Huwatia majirani katika tuhuma, huchoma nyumba za wasio na hatia, na huliacha jiko mahali pake likimngoja mwingine. Kwa hiyo tunasihi: penye tukio la namna hii, msimguse mtu kwa hasira. Tuiteni, waganga wachunguze.

Basi tupashe nyumba joto kwa njia gani? Jiko liwashwe nje, chakula kipikwe, familia ile chakula cha moto karibu na saa ya kulala. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, huwekwa kitandani miguuni. Mkeka na majani makavu huwekwa chini ya godoro. Watoto hulala pamoja, wamevaa soksi na kofia. Nyufa za paa na za upande wa upepo huzibwa, lakini tundu la hewa la juu ya ukuta haliguswi. Kabla ya kufunga mlango, mkubwa wa nyumba aulize neno moja: jiko liko wapi? Jibu sahihi ni moja tu: nje.

Wenye nyumba za wageni wana wajibu mzito zaidi, maana mgeni kutoka bondeni haijui baridi yetu na ataomba jiko. Mnyimeni jiko, mpeni blanketi la pili. Madereva wanaolala kwenye foleni za Katuna, Cyanika na Bunagana wasiwashe jiko ndani ya kabini hata kwa dakika tano, kwa kuwa kabini ni chumba kidogo kuliko vyote.

Ukikuta watu wamelala na jiko chumbani na hawaamki, fungua mlango na madirisha kwanza, uwavute nje kwenye hewa safi, kisha ndipo utake kujua kilichotokea. Usikae ndani, mwokoaji naye huanguka. Hata aliyezinduka apelekwe hospitali, kwa kuwa tiba yake ni oksijeni.

4. Upweke: adui asiyetajwa

Baridi haiwagusi watu wote sawasawa. Mzee anayeishi peke yake hupoa bila kutetemeka, na mara nyingi halalamiki. Mtoto mchanga ana ngozi nyingi kwa uzito mdogo, na joto lake hupotea haraka. Dawa bora kwake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakiwa wamefunikwa. Mlevi aliyelala kando ya njia hajui kwamba umande ni maji. Mgonjwa wa akili anayezunguka sokoni hana mlango wa kufunga.

Yuko pia mgeni. Mwezi Juni 2022, mapigano ya upande wa Bunagana yalipowafukuza watu makwao, maelfu walivuka na kuingia Kisoro, wengi wakiwa na walichovaa tu. Ulikuwa msimu uleule wa usiku wa baridi. Wapo waliopata nafasi katika kituo cha muda cha Nyakabande, na wapo waliolala nje mlangoni pa watu. Aliyetoa veranda yake, gunia au sufuria ya uji usiku ule alifanya kazi ya ulinzi kwa maana kamili ya neno hilo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaongeza: mwenyeji akimwona mgeni hana blanketi, amjulishe mwenyekiti wa kijiji usiku uohuo, asingoje orodha ya asubuhi.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza mpango mdogo usiohitaji fedha. Kila kundi la nyumba kumi liwe na orodha ya watu wanaoishi peke yao, wajawazito waliokaribia kujifungua, na wenye watoto wachanga. Kila jina lipewe jirani mmoja. Katika usiku wa baridi au baada ya mvua ya mawe, jirani huyo abishe hodi mara mbili: kabla ya kulala na baada ya kupambazuka. Kwa hodi ya jioni aone jiko liko wapi. Kwa hodi ya asubuhi asikie sauti.

5. Uhai hutangulia karatasi

Liko jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Wapo wanaokaa kimya mtu anapokwama msituni kwa sababu alipita njia isiyo halali, au alibeba bidhaa zisizolipiwa ushuru. Huhofia kwamba simu ya kumwokoa itakuwa simu ya kumfunga, yeye na wao. Kimya hicho ndicho humaliza uhai wa mtu ambaye saa mbili nyuma angeokolewa kwa blanketi.

Sheria za mpaka zipo, na hatutazifuta kwa makala. Njia za usiku kupitia mbuga ni marufuku kwa sababu nyingi, na baridi tuliyoieleza ni mojawapo. Lakini mpangilio wetu wa kazi ni huu: kwanza tunamtafuta mtu, kisha tunampasha joto, kisha tunampeleka kwa mganga. Maswali ya vibali huja baadaye, akiwa hai wa kuyajibu. Anayepiga simu ni msaidizi wetu. Nambari 999 na 112 hufanya kazi Uganda, na nambari 112 hufanya kazi Rwanda pia. Taja mahali, idadi ya watu, saa walipoonekana mwisho, na nguo walizovaa.

6. Mambo ya kumaliza jua likiwa juu

- Sikilizeni utabiri wa idara za hali ya hewa redioni, na mwenyekiti autangaze sokoni kwa lugha ya watu.
- Kagueni mapaa na vibanda vya mifugo kabla ya msimu wa mvua. Mabati yaliyolegea yafungwe.
- Chagueni jengo moja imara, shule au nyumba ya ibada, liwe makimbilio, na ijulikane ufunguo unakaa kwa nani.
- Wekeni humo mablanketi machache makavu, turubai, taa na kuni chini ya paa.
- Vituo vya boda boda vikubaliane mapema ni nani atasafirisha mgonjwa usiku wa dhoruba.
- Walimu wawafundishe watoto dalili za mwili uliopoa na hatari ya jiko chumbani. Aghalabu mtoto ndiye humkumbusha mzazi.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaolala peke yao usiku wa leo? Tuwataje kwa majina.
2. Kwa nini kukoma kutetemeka si dalili ya nafuu?
3. Tulipokuwa na baridi mwaka uliopita, jiko lililala wapi katika nyumba zetu?
4. Mtu akikwama mlimani saa tatu usiku, ni nani wa kwanza kumpigia simu, na je, nambari yake tunayo?
5. Mgeni akivuka leo bila blanketi, atapokelewa na nani?

Tunawaomba wenyeviti wa vijiji, wakuu wa midugudu na machifu wa ng'ambo walichukue somo hili na kulisoma pamoja, kwa kuwa wingu linaloshuka Sabinyo huziangukia nchi tatu kwa mara moja. Maafisa wetu wa uhusiano na jamii wako tayari kufika katika mkutano wowote watakaoalikwa. Orodha ya nyumba kumi ikikamilika, nakala moja iletwe katika kituo cha polisi kilicho karibu, ili doria ya usiku ijue ni mlango gani wa kupita kwanza.